Barua kwa Shangazi Yangu wa Walukuba, Jinja: Pale Ambapo Hukuniona

Shangazi yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na majirani wote waliojaa sebuleni kwako Jumapili ile kutazama kipindi cha okestra yetu kwenye televisheni. Nimeamua kukujibu hapa mbele ya watu, badala ya kwenye simu, kwa sababu swali uliloniuliza nimeulizwa pia na wengine, nalo linahitaji jibu refu. Uliniambia kwamba ulikaa tangu mwanzo hadi mwisho bila kuinuka, ukaniona kwa kitambo cha kupepesa jicho, nyuma ya bega la mtu, kisha ukauliza kwa masikitiko: "Mwanangu, siku mbili nzima ulikuwa unafanya nini huko?"

Sauti mliyoisikia na picha mliyoiona hazikupatikana kwa saa moja, wala kwa siku moja. Jumamosi tulirekodi sauti peke yake, bila kamera hata moja, maikrofoni zikiwa zimening'inia juu ya vichwa vyetu na nyingine zimesimamishwa karibu na kila kundi la vyombo. Siku iliyofuata zikaja kamera na taa, sauti ya jana ikawa inatolewa kwenye spika, nasi tukapiga juu yake kwa upole, upinde ukienda vilevile na vidole vikishuka palepale, ili picha ilingane na sauti. Hufanywa hivyo kwa sababu kamera inayosukumwa sakafuni ina kelele zake, na kwa sababu mwongozaji wa picha hutaka sehemu moja irudiwe mara nyingi kutoka pembe mbalimbali, ilhali watu wengi wakirudia muziki hawawezi kuupiga sawasawa kabisa mara zote. Usidhani mlidanganywa, Shangazi. Kila noti uliyoisikia tuliipiga sisi wenyewe, na tuliitolea jasho.

Jasho lenyewe lilikuwa la kweli. Feni zilizimwa zisisikike, madirisha yakafungwa kwa ajili ya honi za boda boda, na mvua ya alasiri ilipoanza kupiga mabati tulilazimika kuweka vyombo chini na kungoja. Tulingoja tena wakati wa adhana kutoka msikiti wa jirani, na nakuambia ukweli, kimya kile cha kusikiliza adhana, watu wote wa okestra wakiwa wametulia vitini, kilinituliza moyo kuliko mapumziko ya chai. Joto hutuvuruga kwa namna ambayo mtazamaji hawezi kuijua: nyuzi za fidla zikipata moto hulegea na sauti yake hushuka, lakini hewa iliyo ndani ya filimbi na tarumbeta ikipata moto sauti hupanda, kwa hiyo watu waliokubaliana saa nne asubuhi huwa wameachana ifikapo saa sita. Ndiyo maana kila baada ya muda mpiga obo, chombo cha kupuliza, alitoa noti yake moja, ile ya mitetemo 440 kwa sekunde, nasi sote tukarudi kwake kama watoto wanaoitwa nyumbani.

Tulianza na wimbo wa taifa, ule alioutunga George Wilberforce Kakoma tukaupokea mwaka 1962. Ni miongoni mwa nyimbo za taifa zilizo fupi zaidi duniani, na wengi hudhani ufupi huo ni wepesi. Mimi nauona mgumu, kwa kuwa hakuna Mganda asiyeujua, na kosa dogo ndani yake husikiwa na kila aliye sebuleni.

Lakini nataka nikueleze zaidi ile simfoni ya tano, muziki mrefu wa okestra, ya mtunzi Mjerumani Beethoven, kwa kuwa humo ndimo nilimo. Ilisikika hadharani kwa mara ya kwanza mjini Vienna, tarehe 22 Desemba 1808, katika ukumbi wenye baridi kali, kwenye tamasha lililochukua takriban saa nne. Kila mtu anaijua milio yake minne ya mwanzo, mitatu mifupi na mmoja mrefu. Hata wewe uliniambia umewahi kuisikia redioni. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba simfoni hiyo haianzi na mlio. Inaanza na kimya cha nusu pigo: mkono wa kondakta, yule anayeongoza okestra, unashuka, pigo linaanguka, na wakati huo hakuna anayepiga, sisi huingia mara tu baada yake. Kimya hicho ni kidogo sana, lakini mtu mmoja akikikosea, wote wamekikosea. Jumamosi tulirudia mlango huo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka.

Sasa sikiliza vizuri. Milio ile minne hupigwa kwa nguvu, kisha hupigwa mara ya pili kwa noti za chini kidogo, na mlio wa mwisho hushikiliwa mpaka kondakta auachilie. Baada ya hapo muziki unashuka ghafla na kuwa mnong'ono, na wanaouanzisha mnong'ono huo ni fidla za pili, moja ya makundi mawili ya fidla. Ni sisi, Shangazi. Viola, zilizo kubwa kidogo kuliko fidla, hupokea kutoka kwetu, ndipo fidla za kwanza hupokea kutoka kwa viola, hivyo kwamba wimbo unapita kutoka mkono hadi mkono kama ndoo ya maji kwenye foleni ya bomba. Katika kipindi mlichokitazama, kamera wakati huo ilikuwa inaonyesha fidla za kwanza. Simlaumu aliyechagua picha. Wao ndio waliokuwa mbele, na taa ziliwaangukia vizuri. Lakini sauti iliyokuwa sebuleni mwako katika sekunde ile ilikuwa yangu na ya wenzangu tisa.

Na sekunde chache ulizoniona, sikuwa napiga. Tunakaa wawili kwa stendi moja, na aliye upande wa ndani, mbali na watazamaji, ndiye mwenye kazi ya kufungua ukurasa huku mwenzake akiendelea kupiga ili sauti isikatike. Mimi ndiye niliyekaa ndani. Kamera ilinifikia mkono wangu ukiwa kwenye karatasi. Ulisema nilionekana mwenye huzuni katika lile gauni jeusi. Haikuwa huzuni, nilikuwa nahesabu vipimo vya muziki ili niwahi kurudi.

Nakumbuka siku ya kwanza nilipoleta fidla nyumbani, yule mzee jirani mwenye endingidi akaja, akaigusa, akahesabu nyuzi nne akilinganisha na uzi mmoja wa zeze lake, halafu akaomba kunusa singa za upinde. Wewe ulimwambia, kabla sijajua kupiga hata noti moja, kwamba mtoto wako atasikika Kampala. Umekuwa ukinitafuta kwa macho tangu siku hiyo, na nilipokosekana kwenye picha niliona uchungu kwa ajili yako kuliko kwa ajili yangu.

Mwenzangu mmoja amenipa nakala ya kipindi kwenye flashi. Mwisho wa mwezi nitapanda basi kuja Jinja, nitaileta, na fidla pia nitaileta. Tutakaa sebuleni, wewe utageuza kiti uipe televisheni mgongo, na tukifika pale muziki unaposhuka nitakugusa bega.

Mwanao akupendaye,
Kampala