Vijana wenye saratani waunganishwe na wenzao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nipeleke ombi kwa Wizara ya Afya na kwa viongozi wa hospitali zinazotibu saratani nchini, zikiwamo Taasisi ya Saratani Ocean Road, Muhimbili, Bugando na KCMC. Ninaomba kila kijana anayegundulika kuwa na saratani akutanishwe mapema, ikiwezekana kabla ya dripu ya kwanza, na kijana mwenzake aliyekwisha kupita katika matibabu hayo, na kazi hiyo iwe sehemu ya huduma inayotambuliwa na hospitali badala ya kuachiwa bahati ya nani amekaa karibu na nani kwenye benchi.

Ninaandika nikiwa mmoja wa vijana hao. Niligundulika nikiwa kidato cha sita kuwa na saratani ya matezi iitwayo limfoma ya Hodgkin, baada ya uvimbe wa shingoni kutibiwa kwa muda mrefu kwa kudhaniwa ni kifua kikuu. Ugonjwa huu ni miongoni mwa saratani zinazowapata sana vijana, na pia ni miongoni mwa zinazopona vizuri zikiwahiwa, jambo ambalo laiti ningelijua siku ile ningelala usingizi. Kliniki nilikopelekwa ilijaa akina mama wa rika la mama yangu na wazee wa rika la babu, na hilo halishangazi, kwa kuwa saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa nchi yetu na ile ya tezi dume huwapata zaidi wazee. Mama zetu wale waliniita mwanangu, wakaniombea dua na kunigawia uji wao, na Mungu awalipe. Lakini binti wa umri wangu hawezi kumgeukia mama wa makamo na kumuuliza kama dawa hizi zitamharibia uzazi, au kama kijana aliyeanza kuzungumza naye habari za posa aambiwe sasa au asubiri.

Aliyenisaidia alikuwa dada aliyenizidi miaka michache, mwenye ugonjwa kama wangu, ambaye tulikutana kwa sababu tu viti vyetu vya dripu vilikuwa jirani. Dawa mojawapo tuliyokuwa tukipewa, doksorubisini, ni nyekundu kama juisi ya rozela, na mkojo baada ya kuipata hutoka na wekundu huohuo. "Mdogo wangu," aliniambia akinyoosha kidole kwenye mrija, "ukienda chooni ukaona nyekundu usishtuke, si damu, ni dawa inatoka, kesho haipo." Akaniambia pia ninyoe nywele mapema, kwa sababu kuzinyoa mwenyewe kunauma kidogo kuliko kuamka na kuzikuta kwenye mto, na ninywe maji mengi hata kama yana ladha ya chuma. Inawezekana muuguzi alikwisha kunieleza yote hayo, maana wauguzi wetu wanajitahidi sana katika foleni ndefu, ila mtu aliyetoka kuambiwa ana saratani husikia kwa shida, na neno la mwenzake aliye kwenye kiti cha pembeni, mwenye mrija mkononi kama wake, humwingia kwa njia nyingine.

Ninachoomba si kigeni hapa kwetu. Kliniki za CTC, yaani zile za huduma na matibabu ya VVU, zimekuwa zikiwatumia waelimisha rika wanaoishi na VVU kwa miaka mingi. Kuna maeneo ambako vijana wametengewa siku yao ya kliniki na klabu yao, na wilayani kuna Konga ambako watu wanaoishi na VVU hukutana na kufuatiliana. Sijaelewa kwa nini utaratibu uliosaidia watu wengi kubaki kwenye dawa haujavuka ukuta na kuingia kliniki ya saratani, wakati mara nyingi kliniki zote mbili zimo ndani ya hospitali moja. Kwa watoto kuna hatua: pale Muhimbili, Tumaini la Maisha wamekuwa wakiwasaidia watoto wenye saratani na familia zao. Kijana aliyevuka umri wa wodi ya watoto huingia moja kwa moja wodi ya watu wazima, na hapo huwa peke yake. Nchini Australia vijana wenye saratani walianzisha wenyewe chama chao, Canteen, mwaka 1985, na mwaka 1990 London ikapata wodi ya kwanza ya vijana katika Hospitali ya Middlesex. Sisi hatudai wodi. Chumba chenye viti na mchana mmoja kwa mwezi vinatosha kuanzia.

Wapo watakaosema fedha kidogo zilizopo ziende kwenye dawa na mashine za mionzi. Nawaelewa, ila dawa haimsaidii aliyeacha kuja kuichukua. Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka 2018 liliweka lengo la angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani kupona ifikapo mwaka 2030, linataja kuacha matibabu katikati kuwa moja ya sababu za vifo vinavyozuilika. Kijana aliyetoka Kigoma au Songea, nauli imeisha, uvimbe umepungua na jirani amemwambia karogwa, yumo hatarini kutorudi. Simu ya mwenzake inaweza kumrudisha pale ambapo barua ya hospitali haitamrudisha.

Hata hivyo, jambo hili lisiachwe mikononi mwa vijana wenyewe bila usimamizi. Makundi ya WhatsApp tunayoyaanzisha huvamiwa upesi na wauza dawa za miti shamba wanaowaambia wagonjwa waache dripu. Na wapo wenzetu wanaofariki. Yule dada alifariki nikiwa bado kwenye matibabu, nami nikapata habari kwa kuona picha yake kwenye simu ya mtu mwingine, sina wa kumuuliza wala wa kulia naye. Kundi lenye afisa ustawi wa jamii au muuguzi aliyesomea unasihi lingekuwa na mtu wa kutuita pamoja na kutuambia. Msimamizi huyo ndiye angewapa waelimisha rika mafunzo, kuwafundisha kutunza siri, na kuwaeleza mipaka yao: kwamba hawashauri kuhusu dozi, na kwamba swali la uzazi hulipeleka kwa daktari kabla tiba haijaanza, kwa sababu baada ya hapo huwa limechelewa.

Tuliomaliza matibabu tupo, wengine wanafundisha, wengine wana maduka, wengine wamezaa, na wengi tungejitolea kwa nauli tu. Nilikwenda katika hospitali moja kuomba kuwatembelea vijana wodini, nikaulizwa nimetumwa na nani, na kwa kuwa sikuwa na barua nikarudishwa getini. Tunaomba Wizara itoe mwongozo utakaoziwezesha hospitali kutuandikisha, kutupa kitambulisho na kututajia siku.

Wako msomaji,
Tabata, Dar es Salaam