Jamani waacheni ndege wa Mida wapumzike

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako maana hili jambo limenikaa rohoni.

Mimi ni wa hapa Watamu, pwani ya Kenya, na kila mwaka kuanzia kama Agosti hori la Mida (Mida Creek) linapata wageni, wale ndege wanaoitwa kwa Kiingereza crab-plover, weupe wenye mgongo mweusi na miguu mirefu ya kijivu, mdomo mweusi mnene, sio ule mwembamba wa kuchokoa matope kama wa ndege wengine wa ufuoni. Huo mnene ni wa kuulia kaa. Maji yakipwa utawaona wanatembea polepole, wanasimama tuli, halafu mbio kidogo tu na kaa keshanaswa, mdogo anamezwa mzima, mkubwa anapigwa mpaka avunjike.

Sasa sikia wanakotoka. Wanazalia visiwa vya mchanga huko Bahari ya Shamu, Ghuba ya Uajemi na pwani ya Somalia, wanachimba mashimo marefu mchangani na jike anataga humo ndani yai moja tu jeupe, mara chache sana mawili, na joto la mchanga wenyewe linasaidia kulitotoa. Kwa hiyo ni mtoto mmoja kwa msimu, na huyo mmoja hata akishafika Mida bado hajitegemei, ana rangi ya kijivu na anamfuata mzazi huku analialia apewe kaa, nimewaona mwenyewe mara nyingi.

Ndio maana naumia. Wakati wa bamvua maji yakijaa kabisa wanabakiwa na kipande kidogo cha mchanga, wanajibana hapo pamoja wamesinzia, maana hawa wanawinda hata usiku. Hapo ndipo watu wanawakimbilia ili waruke wote kwa mpigo wapate video ya simu, wengine wanaachia mbwa, na wakitua tu wanafukuzwa tena, kila wakiruka wanachoma mafuta ambayo wangeyahitaji kurudi Uarabuni ikifika Aprili.

Ndugu zangu mnaotembeza wageni, angalieni majira ya maji kwanza kabla hamjaingia na mtumbwi. Yakijaa, wapelekeni wageni kwenye kile kibanda cha kuangalia ndege mwisho wa daraja la mikokoni, mkae kimya. Yakianza kupwa hao ndege wataanza kutawanyika wenyewe kutafuta kaa, na mtawaona vizuri kabisa bila mtu kukimbia.

Msomaji wenu, Watamu