Pikipiki ya safari ndefu ifungwe kwa kipimo cha mpandaji

Ndugu Mhariri,

Kila taasisi inapokabidhi pikipiki kwa maafisa ugani, wahudumu wa afya au wakaguzi wa miradi, picha hutoka gazetini: pikipiki zimepangwa mstari, mgeni rasmi ameshika mkasi, helmeti zinang'aa. Baada ya muda pikipiki zilezile huanza kuingia gereji, na malalamiko hufanana. Mgongo unauma, makalio yanakufa ganzi, vidole vinachonyota, keria imekatika. Wengi huamini kuwa ndiyo tabia ya pikipiki ndefu za lami na vumbi, zile za jamii ya Honda XL na XR au Yamaha DT. Sivyo. Pikipiki hizi zimeundwa zipite kwenye matope, mchanga na mawe, mpandaji akisimama mara kwa mara. Ndiyo maana siti yake ni nyembamba na springi zake ni laini. Anayekaa juu yake saa sita kutoka Morogoro hadi Iringa, na begi, kompyuta mpakato na dumu la mafuta nyuma, anaitumia kwa kazi nyingine kabisa. Kazi hiyo inaiweza, ila lazima ifungwe upya.

Sisi tulio upande wa spana tunaona fedha zinatumika kinyumenyume. Mwenye pikipiki huanza na taa za ziada, bomba la kukinga injini, masanduku ya alumini na stika. Siti na springi, ambazo ndizo zinazomuumiza, huachwa kama zilivyotoka kiwandani. Tunaomba nafasi katika ukurasa wenu tueleze mpangilio unaofaa, hasa kwa wanaonunua kwa fedha za umma.

Kabla ya kununua chochote, mpandaji akae juu ya pikipiki yake na spana mbili mkononi. Alegeze bolti za hendeli, aizungushe hadi mikono iwe na mkunjo mdogo kwenye viwiko na mabega yashuke yenyewe. Vishikio vya klachi na breki viteremke kidogo kiasi kwamba kiganja kiende sambamba na mkono. Vikielekea juu, kifundo hukunjika na ganzi huanza kabla ya kilomita mia. Kishikio cha klachi kiwe na uhuru, yaani ulegevu kabla hakijaanza kuvuta waya, wa milimita 10 hadi 20 kwenye ncha. Pedeli ya gia na ya breki ya nyuma nazo zirekebishwe zifuate buti linalovaliwa kweli, si kandambili alizokuja nazo gereji. Haya yote hayagharimu shilingi, na humaliza malalamiko mengi kuliko vifaa vya madukani.

Mtu mrefu huhitaji hendeli ipandishwe kwa vipande vya milimita 20 hadi 30. Hapa ndipo hatari inapoanza. Ukipandisha hendeli, waya wa resi, waya wa klachi na paipu ya breki vyote huvutika. Washa injini bila gia, geuza hendeli kushoto hadi mwisho, kisha kulia hadi mwisho. Mngurumo ukipanda wakati hujagusa resi, waya ni mfupi au umepita njia mbaya, na siku moja pikipiki itaongeza mwendo yenyewe kwenye kona. Halafu inua gurudumu la mbele lining'inie, shokapu zikiwa zimenyooka kabisa, uangalie kama paipu ya breki imekaza. Ikikaza, ingiza paipu ndefu zaidi kabla ya kutoka barabarani.

Siti ndiyo inayostahili fedha ya kwanza. Mwili wa mtu aliyekaa hubebwa na mifupa miwili chini ya makalio, na kwa watu wazima wengi mifupa hiyo iko sentimita 10 hadi 14 mbalimbali. Siti nyembamba huifanya ielee pembeni na uzito kuangukia katikati, palipo na mishipa. Kwa hiyo fundi wa kushona viti aambiwe apanue sehemu ya nyuma ifike sentimita 25 hadi 30, lakini mbele, karibu na tangi, aiache nyembamba ili miguu ifike chini na mpandaji aweze kusimama. Mteremko wa kwenda mbele upunguzwe. Siti inayoteremka humsukuma mtu kwenye tangi, naye hujirudisha nyuma kwa mikono siku nzima. Maumivu ya mabega mengi chanzo chake ni hicho, wala si hendeli.

Kosa la mafundi wengi wa viti ni kuongeza sponji laini. Dukani mteja akikaa dakika mbili anafurahi. Barabarani, baada ya saa moja, sponji limebonyea lote na amekalia plastiki. Chini liwekwe sponji gumu, hata lile la vipande vilivyogandishwa na kushindiliwa, na juu yake safu ya sponji la wastani lenye unene wa sentimita 2 tu. Ligundishwe vizuri na kusuguliwa kingo hadi ziwe za mviringo, kwa sababu kingo kali hukata mzunguko wa damu nyuma ya paja. Mshono usipite pale panapokaliwa: unaumiza, na mvua huingilia hapo, sponji likanywa maji na kubaki na unyevu wiki nzima. Ngozi ya kondoo yenye manyoya ikitandikwa juu hupitisha hewa na kupunguza jasho. Ni kitu cha bei ndogo kwenye minada ya mifugo, na tunashangaa ni wachache wanaoitumia.

Mpandaji mfupi asikubali haraka kushushiwa pikipiki kwa kubadili vyuma vya shokapu ya nyuma. Tumbo la pikipiki hukaribia ardhi, na stendi ya pembeni inakuwa ndefu kupita kiasi, hivyo pikipiki husimama wima mno na upepo mdogo huiangusha. Akate sponji kidogo mbele, avae buti lenye soli nene, na ajifunze kusimama kwa mguu mmoja. Ikibidi kweli kushusha, stendi nayo ikatwe na kuchomelewa upya.

Tuje kwenye springi, ambazo hazionekani na kwa hiyo hazizungumzwi. Pima hivi. Inua pikipiki hadi gurudumu la nyuma lining'inie, kisha pima kutoka kwenye ekseli hadi alama uliyoweka wima juu yake kwenye madigadi. Tuseme umepata milimita 560. Ishushe, mpandaji apande na helmeti, buti na mzigo wote wa safari, mtu mwingine aishike isianguke. Pima tena. Ukipata 500, imezama milimita 60. Kwa gurudumu lenye nafasi ya kupanda na kushuka ya milimita 180 hiyo ni theluthi moja, na ndipo panapotakiwa. Ikizama 80 au 90, kaza nati inayobana springi na upime upya. Kisha mpandaji ashuke na mzigo utolewe. Pikipiki peke yake izame kidogo, milimita 10 hadi 20. Ikiwa haizami hata chembe, maana yake umekaza kupita uwezo wa springi: springi ni laini kwa uzito huo na kuendelea kukaza ni kujidanganya. Inatakiwa ngumu zaidi.

Nyuma ikizama mno, mbele huwa nyepesi. Taa hupiga vilele vya miti, hendeli huanza kutetema kwenye lami, na mchangani gurudumu la mbele linateleza badala ya kuuma. Kwa shokapu za mbele zisizo na marekebisho, kipande cha bomba gumu la plastiki chenye urefu wa milimita 10 hadi 15 juu ya springi kinaweza kurudisha kimo, mradi pande zote mbili zilingane na kisizidi hapo, kwani springi ikibanwa mno mizunguko yake hugusana na kugonga. Mafuta ya shokapu yabadilishwe wakati huohuo. Yaliyotoka yakiwa ya kijivu kama maji ya kuoshea masufuria, mjue hayajawahi kubadilishwa.

Mzigo ukae chini na mbele ya ekseli ya nyuma kadiri inavyowezekana. Kilo 10 juu ya keria, nyuma ya ekseli, hufanya kazi ya nyenzo: kila tuta na kila rasta huinua na kushusha fremu ya nyuma mpaka chuma kinachoka. Keria ndogo nyingi hubandikwa kikomo cha kilo chache tu na kibandiko hicho hakisomwi na mtu. Anayetaka kubeba zaidi achomelewe mguu wa tatu, bomba linaloshuka kutoka keria hadi karibu na sehemu ya mguu wa abiria, ili pembetatu ibebe uzito. Bolti ziwe za milimita 8 zenye alama 8.8 kichwani, na nati zenye plastiki ndani. Wakati wa kuchomelea, ondoa betri na chomoa kisanduku cha CDI, kile cha elektroniki kinachoongoza cheche za plagi, na kibanio cha ardhi kiwe jirani kabisa na pale unapochomelea. Umeme ukipita kwenye beringi huziunguza, na CDI iliyokufa haitoi harufu wala dalili.

Kuhusu masanduku magumu ya pembeni, ushauri wetu ni wazi: kwa barabara za vumbi, tumia mabegi ya turubai. Mchangani mpandaji hushusha mguu, pikipiki husonga mbele, na sanduku hugonga mguu kwa nyuma. Turubai husamehe, alumini huvunja. Kati ya begi na ekzosi iachwe nafasi ya sentimita 5 na kipande cha bati cha kukinga joto. Dumu la lita 5 lina petroli ya kama kilo 3.7, linatosha. Pikipiki yenye tangi la lita 12 inayokwenda kilomita 35 kwa lita inafika kilomita 400, na kwenye barabara kuu hakuna mahali vituo viko mbali hivyo. Tangi kubwa la kuagiza nje ni la wanaokatiza mapori.

Upepo huchosha kuliko watu wanavyofikiri. Mpandaji asiyekingwa hujishikilia kwa mikono dhidi ya hewa kilomita zote. Kioo kifupi kinachoishia usawa wa pua, ili macho yaone juu yake, kinatosha. Kikiishia usawa wa macho kinaleta ukungu na msukosuko wa helmeti. Iachwe nafasi ya vidole viwili kati ya kioo na taa ili hewa ipite chini yake. Helmeti yenye kofia ndefu mbele ivuliwe kofia hiyo kwa safari za lami, maana huvuta shingo nyuma. Kelele za upepo ndani ya helmeti hufika desibeli 90 na zaidi. Vizibo vya masikio vya sponji hupunguza uchovu, na honi ya basi bado utaisikia.

Mtetemo wa injini ya silinda moja haufutiki, hupunguzwa. Anza kwa kukaza bolti zinazoshika injini kwenye fremu, kisha ndiyo ufikirie vizito vya mwisho wa hendeli na raba za miguuni. Njia nyingine ni gia. Sproketi ya mbele ya meno 15 ikibadilishwa kwa ya 16, injini hupunguza mizunguko kwa asilimia 6 hivi katika mwendo uleule. Ni karibu sawa na kutoa meno matatu nyuma kwenye sproketi ya 45. Lakini anayefanya kazi Lushoto, Makete au Uluguru asiguse. Mlimani na mzigo, injini ya sentimita za ujazo 150 itakosa nguvu na klachi ndiyo italipa. Na mafuta ya injini yawe yenye alama ya JASO MA kwenye kopo, yaani kiwango cha oili za pikipiki ambazo klachi yake imelowa mafuta ya injini. Baadhi ya oili za magari zina viungo vya kulainisha vinavyofanya klachi ya pikipiki iteleze.

Cheni ya pikipiki hizi hukazwa mno na mafundi waliozoea bodaboda za kawaida. Gurudumu likipanda, kuna sehemu ambapo sproketi ya mbele, mhimili wa mkono wa nyuma (ule unaoshika gurudumu) na ekseli vinalingana mstari mmoja. Hapo cheni hukaza kuliko popote. Legeza shokapu au ikalishe pikipiki na watu wawili ifike hapo, ndipo uhakikishe bado ina uhuru kidogo. Isipokuwa nao, beringi za gia boksi zinaliwa kimyakimya.

Matairi: nusu lami nusu vumbi. Yale ya vigingi virefu huisha haraka kwenye lami ya moto na kuongeza mtetemo. Upepo, kwa mzigo kwenye lami, uwe psi 25 mbele na 30 nyuma. Kwenye vumbi teremsha hadi 20 au 22, na si chini ya hapo kwa tairi lenye tyubu, kwani rimu itabana tyubu kwenye jiwe na kuitoboa matundu mawili pacha. Taa za ziada na chaja ya simu zipitie fyuzi ya ampea 5 na swichi ya ufunguo. Jenereta ya pikipiki ndogo ni dhaifu. Betri inayokufa kila wiki mara nyingi haina kosa.

Baada ya kazi hizi zote, bolti zikaguliwe tena kilomita 300 za kwanza. Zitakuwa zimelegea, hasa za keria na za hendeli.

Ombi letu kwa maafisa ununuzi ni dogo. Nyaraka za zabuni zitaje urefu na uzito wa watakaopewa pikipiki pamoja na mzigo wa kazi yao, na zidai springi za nyuma za aina mbili, laini na ngumu, siti iliyopanuliwa, na saa mbili za fundi kwa kila mpandaji siku ya makabidhiano. Mhudumu wa afya wa kilo 52 na bwana shamba wa kilo 95 mwenye pampu ya dawa mgongoni wasipewe pikipiki zilizofungwa kwa kipimo kimoja.

Mafundi wa pikipiki,
Morogoro