Barua kwa watafiti vijana mnaokuja Rufiji

Wajukuu zangu wa vyuo vikuu, wa Dar es Salaam na wenzenu wa Ulaya mnaoshirikiana nao,

Salaam. Mtendaji wa kijiji ametuambia mnakuja kutafiti mabadiliko ya tabianchi, uhamaji na ustahimilivu wa jamii. Karibuni sana. Ila kabla hamjafika, nina neno.

Miaka ya nyuma walikuja watafiti wengine na madodoso yao, wakapita nyumba kwa nyumba. Palipofungwa waliandika: kaya imehama. Nyumba ya binti yangu ilikuwemo. Binti yangu hakuhama. Alikuwa bondeni, kwenye dungu lake, kibanda cha kulindia shamba, akilinda mahindi ya mlau, kilimo cha baada ya mafuriko, yasiliwe na nguruwe na viboko. Alirudi baada ya mavuno, kama alivyokuwa akirudi mama yake. Matokeo hatujaletewa hadi leo, wala hatujui ni kaya ngapi zilihamishwa kwa kalamu namna hiyo. Liliniuma, na bado linaniuma.

Basi anzeni kwa kujua mafuriko ni nini kwetu. Mto ukipanda kisha ukashuka, huacha tope lenye rutuba, na juu ya tope hilo tunapanda mlau bila kungoja mvua. Mwaka 1968, baada ya mafuriko makubwa, Serikali ilianza kututoa bondeni kwenda vijiji vya juu. Nilikuwa kijana mdogo. Tulipata shule na zahanati, na kwa hilo nashukuru. Lakini ardhi ya juu ni mchanga, yafaa mikorosho. Chakula kilibaki kule chini. Tukawa watu wa makazi mawili, na ndivyo tulivyo mpaka sasa. Mkimwuliza mtu "ulihama lini?" akanyamaza, msimwone mjinga.

Sisemi maji hayadhuru. Aprili 2024 mashamba ya Rufiji na Kibiti yalizama, na kule Muhoro maji yaliingia majumbani. Yale hayakuwa maji ya mlau. Hiyo tofauti, ya maji yanayolisha na maji yanayobomoa, ndiyo nataka muipime, hasa sasa ambapo Bwawa la umeme la Julius Nyerere limeanza kazi huko juu ya mto wetu. Tope litatufikia? Maji yatapanda mwezi gani, na kwa kiasi gani? Mkulima anahitaji jibu la hayo, siyo kuulizwa mara ya kumi kama mvua zimebadilika.

Wafugaji nao msiwapite. Wapo walioletwa huku mwaka 2006 na 2007 walipoondolewa bonde la Usangu, kule Mbeya, ili kuulinda Ruaha Mkuu, mto ambao maji yake huishia humu humu Rufiji. Hao walihama kwa amri. Mkiwaandika kuwa wamefukuzwa na ukame, mtakuwa mmewadhulumu.

Dodoso lenu msilimalize mezani. Kaeni kwanza na kina mama, maana wao ndio wanaojua shamba lipi lilizama mwaka gani. Na matokeo yaleteni kwa Kiswahili, kwenye mkutano wa kijiji, hata yale yatakayotuudhi.

Njooni maji yakishashuka, mwezi wa sita. Nyumba nyingi mtazikuta zimefungwa. Msiandike kitu. Ulizeni njia ya bondeni, vueni viatu, mtatukuta huko.

Babu yenu wa Rufiji