Zuhura, nishonee shati la Nasri

Zuhura shoga yangu,

Salaam sana, za Lindi, za watoto, mguu wa mama yako unaendeleaje? Sisi Mtwara wazima, Alhamdulillah. Najua umenuna, simu zako zote nimeziona, ila ngoja kwanza nikwambie shida yangu halafu endelea kununa kwa raha zako.

Nataka unishonee nguo za Nasri. Sio za sikukuu ya Idi. Subiri nieleze, usije ukasema Somoe kachanganyikiwa.

Si unajua tangu baba, babu yake Nasri, atutoke yule mtoto hajakaa sawa. Usonji, ile autism, tulishaambiwa zamani, ila huku kujigonga ukutani na kutolala kumekuja baada ya msiba. Tukashauriwa tiba ya michezo, kwamba mtoto hawezi kukaa akakueleza huzuni yake, anaicheza. Basi nikampeleka sehemu moja (siitaji), chumba kizuri tu, maputo, redio juu, rangi za kuchovya mikono, watoto kibao, na beseni la mchanga uliolowa ambao kila mtoto lazima atie mkono. Nasri alipiga yowe mpaka mlinzi akaja. Nikaambiwa eti nimemdekeza. Nilinyamaza, na wewe unanijua mimi nikinyamaza.

Sasa kuna dada mmoja wa utengamao, wale wanaomsaidia mtu aweze shughuli zake za kila siku, kasomea Moshi pale hospitali ya KCMC, huyu midoli hata hakuigusa siku ya kwanza. Kazi yake kuuliza: anakula nini anakataa nini, mkipita mashine ya kusaga anafanyaje, ukimkumbatia anajibana kwako au anakimbia, kunyolewa je, bembea je. Shemeji yako Hashimu akaanza kununa, mtaalamu gani anauliza habari za uji. Dada akamwambia taratibu tu kwamba hisi haziishii zile tano za darasani, kuna ya mizani iko ndani ya sikio, na kuna ya misuli na maungio, ndo inakwambia mkono wako uko wapi hata ukifumba macho. Nasri masikio na ngozi vinapokea kupita kiasi, halafu misuli inaomba zaidi, kwa hiyo akijigonga ukutani anatafuta kubanwa. Kuna mama wa Kimarekani, Jean Ayres, aliandika mambo haya kwenye kitabu tangu 1972, na Wamarekani haohao mpaka 2013 ndo wanaingiza habari ya hisi kwenye vigezo vyao vya kutambua usonji. Miaka arobaini na moja, Zuhura, watoto wanaitwa watukutu!

Basi siku hizi redio imezimwa, yuko peke yake na dada. Kabla ya mchezo anasukuma dumu la maji kutoka mlangoni mpaka uani, anamvuta Saidi kwenye mkeka, halafu tunamviringisha yeye kwenye mkeka huohuo, kichwa nje, anacheka, akisema basi tunaachia hapohapo. Mchanga tumechota pwani ya Shangani tukauanika ukakauka kabisa, na anautumia kwa kijiko. Hakuna wa kumwambia tia mkono.

Na mwili ulipotulia ndo mchezo wenyewe ukaja. Kachukua kile kigari chake chekundu, kakizungushia kitambaa cheupe, kakifukia kwa kijiko. Akasema, "Babu mchanga unamwasha."

Mwenzangu, nilitaka kuropoka, dada akanikonyeza. Akamjibu tu, "Unaogopa mchanga unamwasha babu." Mtoto akatikisa kichwa ndio, akakifukua, akakipangusa, akakiongezea kitambaa cha pili, akakifukia upya. Sisi tunasema hajui kama babu kafa, kumbe anawaza babu kalazwa kwenye kitu ambacho yeye mwenyewe hawezi kukigusa. Angeyasema wapi hayo, kwenye lile beseni la lazima?

Sijui hata kwa nini nakuandikia hivi saa sita usiku.

Halafu Bi Mwajuma naye, kasikia habari ya mkeka kaenda kumviringisha mjukuu wake, mtoto katapika! Yule ni kinyume kabisa, kizunguzungu hakiwezi ila ngoma anaitaka, umkalishe kimya anasinzia. Nimemwambia aende akaulizwe habari za uji na yeye.

Naliendele kwa mama sasa hivi hatuendi, msimu wa salfa, zile mashine za kupulizia mikorosho na ile harufu, hapana.

Haya, kushona. Januari anaanza darasa la kwanza na sare ni lazima, ila shati la dukani analivua njiani. Nataka mishono ikae nje, lebo usiweke, kola uilegeze, na kitambaa kiwe kilaini kilichofuliwa sana, hata ukifumua shati la mtumba. Pili, mfuko wa kitambaa cha kuvutika kama cha jezi, aingie mwili mzima ajisukume humo ndani, kichwa kibaki nje. Tatu kikoti chenye mifuko ya kutia choroko, kiasi kidogo tu, dada kasema avae muda mfupi, aweze kukivua mwenyewe, na asilale nacho. Na sio kila mtoto kinamsaidia, kwa hiyo hicho kiwe cha mwisho, tutajaribu.

Mwalimu atakubali mishono ya nje kweli? Kitambaa cha jezi Lindi kinapatikana au nikutumie kwa basi? Utanitoza bei gani, na usiniambie bure maana utachelewesha. Yule fundi mwenzako aliyekukimbia na mkasi karudi? Na ile habari ya Rukia ni kweli au ni maneno ya Bi Mwajuma tu? Vipimo vya Nasri nakutumia kesho, nampima akilala, akiwa macho utepe hautaki.

Wako,
Somoe