Barua kwa mwanangu: hiyo orodha usiisome

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Meseji ya juzi usiku nimeisoma mara tatu mpaka mama yako akadhani kuna msiba, kumbe ni orodha. Hata mwezi hujamaliza hapo Newala wazee wameshakupa karatasi ya watu wa kutangazwa Jumapili kwamba wasisogelee Meza ya Bwana, na wewe badala ya kukataa unaniuliza "baba nisome?" Usisome. Miaka yote ile ya chuo, Biblia nzima iko kichwani, halafu mtu anashindwa na karatasi moja.

Najua watakwambia ndo utaratibu tangu enzi za wamisheni. Haya waulize, wamisheni gani? Askofu Lucas hapahapa Masasi, mmisheni Mwingereza, yule askofu wa kwanza, wa 1926, alilichukua jando letu akaliingiza kanisani, na wapo wenzake waliokuwa wanaliona upagani mtupu. Leo wazee haohao wanajivunia jando la kanisa.

Halafu fungua Luka 22. Mathayo na Marko wanamtaja msaliti kabla ya mkate, Luka yeye anamtaja baada ya kikombe, mkono wake bado uko mezani. Yaani Yuda kala, kanywa, na Bwana anajua. Sasa binti wa kidato cha tatu aliyepewa mimba na mtu ambaye jina lake kwenye orodha halipo (huwa halipo, angalia vizuri utakuta majina ya kike matupu) huyo ndo azuiwe? Na bi mdogo wa watu, aliyeozwa na miaka 16 hajaulizwa kitu? Yule towashi wa Matendo 8, mwanamume aliyehasiwa, Kumbukumbu la Torati 23 ilishamfungia mlango kabisa, lakini Filipo akashuka naye majini akambatiza hivyohivyo. Usisome mwanangu.

Ya shangazi yako unayajua sirudii. Ila moja hujui, karatasi iliyosomwa siku ile mwandiko ulikuwa wangu. Katibu alikuwa anaumwa macho.

Lakini na wewe usijifanye shujaa, hasira hizo umezitoa ujombani. Usiwaumbue wazee madhabahuni wala kwenye grupu la WhatsApp, pita nyumba kwa nyumba, kaa mkekani, kunywa uji wao hata kama una njaa ya wali, na karatasi uirudishe kwa mkono wako. Mzee akinuna mwache anune, wiki ijayo nenda tena. Mahubiri yako ya Pasaka watu wanayasema mpaka sokoni, sikukwambia siku ile kwa sababu ulizidisha muda na kuku alikuwa anapoa.

Mama yako presha imeshuka kidogo, ila chumvi haachi. Salfa tumepata mifuko minne tu na mikorosho ya bondeni imeshaanza kutoa maua, kijana wa pampu anataka hela kwanza ndo apulize, kwa hiyo ukiwa na chochote tuma. Sweta lako la kijivu uliliacha mlangoni, nitalipa konda wa gari la asubuhi akuletee, baridi ya huko usiichezee na hicho kifua chako.

Jumapili ukitoka tu ibadani nipigie, hata kabla hujala. Kama umesoma pia nipigie.

Baba yako