Wasanifu majengo wapewe mafunzo ya chokaa

Mheshimiwa Mhariri,

Kuta za Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ambavyo hufyonza unyevu na kuutoa. Zikipigwa lipu ya saruji, maji hunaswa ndani, chumvi hujitokeza na lipu hubanduka mapande mapande. Boriti nazo huoza vichwani, pale zilipoingia ukutani, ambapo jicho halifiki. Inasikitisha kuona kosa hili likirudiwa na wataalamu wenye shahada. Naomba mafunzo endelevu kuhusu chokaa, paa na njia za maji ya mvua yawe sharti la msanifu kuhuisha usajili wake, na mafundi wakongwe wa chokaa wawe miongoni mwa walimu.

Msomaji wako,
Malindi, Unguja